Nyota Isiyotamkwa

Kuna video moja ambayo haiishi kuzunguka kwenye makundi ya WhatsApp. Nimetumiwa na watu watatu, mmoja wao mwalimu. Picha za vibao vya udongo zinapita, na sauti nzito inasimulia kwamba Wasumeri wa kale walichora nyota mbele ya majina ya miungu yao kwa sababu miungu hiyo, Anunnaki, ilishuka kutoka kwenye nyota. Ushahidi, inasema sauti, uko wazi: nyota ile pale, itazame mwenyewe.

Nyota ipo kweli. Ndiyo maana naona dai hili lijibiwe kwa subira. Aliyekitazama kibao akaiona nyota ameanza vizuri; kilichobaki ni kumfuata karani hadi mwisho wa mstari. Ukimfuata utakuta nyota ile ilikuwa kazi ya uandishi. Na kazi hiyo, kwa maoni yangu, inastaajabisha kuliko hadithi yoyote ya vyombo vya angani, kwa kuwa ilikutanisha chini ya alama moja miungu ya watu wasiosikilizana lugha.

Tuanze na udongo. Kusini mwa Iraki ya leo, katika mji wa Uruk, karibu mwaka 3200 KK, makarani wa hekalu walikuwa wakichora alama kwenye vibao vya udongo mbichi, vingine vikienea kiganjani, ili kuweka hesabu za shayiri, kondoo na bia. Miongoni mwa alama hizo ilikuwamo nyota yenye miali minane. Baadaye waliacha kuchora, wakawa wanagandamiza ncha ya tete, na kila mgandamizo ukaacha alama yenye umbo la kabari. Ndiyo asili ya jina maandishi ya kikabari. Nyota nayo ikapukutika karne hadi karne, hata enzi za Waashuru zikabaki kabari chache zinazokatana, na mtu asiyeambiwa hawezi kuona nyota ndani yake. Makarani hawakuhangaika kuirudisha. Laiti maana yote ingekuwa kwenye ile picha, wasingeiacha ipotee mikononi mwao.

Kwa Kisumeri alama hiyo ilisomwa *an*, yaani mbingu. Ilisomwa pia *dingir*, yaani mungu. Na ilikuwa jina la An mwenyewe, mungu wa mbingu. Waakadi walipoichukua, wao ambao lugha yao ni ya ukoo mmoja na Kiarabu na Kiebrania, waliisoma *shamu* kwa maana ya mbingu, *ilu* kwa maana ya mungu, na Anum kwa jina lake. Anayejua maneno samawati na ilahi atasikia undugu hapo. Tena waliitumia kama silabi tupu, *an*, popote sauti hiyo ilipohitajika ndani ya neno lolote. Msomaji aliamua maana kwa kutazama alama jirani.

Kazi ya mwisho ndiyo iliyoipotosha ile video. Nyota ilipowekwa mbele ya jina la mungu, haikutamkwa. Ilimwambia msomaji: kinachofuata ni jina la mungu, lisome hivyo. Wataalamu huita alama ya namna hii kiainishi, na nyota haikuwa peke yake. Vitu vya mti vilitanguliwa na alama ya mti. Majina ya samaki na ndege yalifuatwa na alama zao. Mji ulifuatwa na alama *ki*, ardhi. Jina la mwanamume lilitanguliwa na kabari moja ya wima. Karani alikuwa akipanga ulimwengu kwa makundi huku akiandika, na jicho lilipokea mpangilio ambao sikio halikuupata.

Nasi tunao mfano wake. Andika "Mungu" na "mungu", kisha mpe mtu asome kwa sauti: herufi kubwa haisikiki, ila kila anayesoma anaiona na kuuelewa uzito wake. Vivyo hivyo ngeli zetu. Neno lenyewe lina umbo la mti na miti, lakini twasema "Mungu anajua", kamwe si "Mungu unajua". Na tukifika kwenye wingi lugha inageuka, twasema "miungu yao" kama tusemavyo "miti yao". Kisumeri nacho hakikuwa na jinsia ya kike na ya kiume katika sarufi yake. Kiligawa majina kwa watu na visivyo watu, na miungu ikawekwa upande wa watu. Mzungumzaji wa Kiswahili ana njia fupi ya kulielewa hilo kuliko mtu aliyekulia kwenye lugha inayompa kila kitu uume au uke.

Sasa tulitazame jina moja kwa karibu. Msomaji wa Biblia anamjua Senakeribu, mfalme wa Ashuru aliyeuzingira Yerusalemu siku za Hezekia, mwaka 701 KK. Mojawapo ya njia ambazo makarani wake waliliandika jina hilo lina alama sita. Ya kwanza ni kabari ya wima: huyu ni mwanamume. Ya pili ni nyota. Ya tatu ni namba 30, kulabu tatu zilizopangwa. Ya nne ni alama ya ndugu. Ya tano ni alama ya wingi. Ya sita ni alama ya neno la Kisumeri lenye maana ya kufidia. Msomaji alitazama alama hizo sita akatamka *Sin-ahhe-eriba*: Sin, mungu wa mwezi, amewafidia ndugu. Ni jina la mtoto aliyezaliwa baada ya wengine kufa.

Rudia kuzihesabu. Hakuna alama hata moja kati ya sita iliyoandika sauti. Jina la mtu mwenye nguvu kuliko wote wa zama zake limeandikwa bila silabi hata moja ya jina hilo. (Nilipolielewa hili kwa mara ya kwanza nilisimamisha kusoma, nikakaa tu.) Tunajua matamshi kwa sababu karani mwingine, kwenye kibao kingine, aliandika mwisho wa jina hilohilo kwa silabi, *eri-ba*, na kwa sababu Waebrania na Wagiriki waliolisikia kwa masikio waliliandika kwa herufi zao.

Ile namba 30 ni mungu. Mwezi una siku 30, basi Sin aliandikwa kwa nyota na 30. Wababeli na Waashuru, waliozungumza Kiakadi, walihesabu kwa msingi wa 60, na miungu mikubwa ikapewa namba kwa daraja: Anum 60, Enlil 50, Ea 40, Sin 30, Shamash 20, Ishtar 15. Jambo hili si geni sana pwani kwetu. Wapo Waislamu, hasa wenye asili ya Bara Hindi, wanaoandika 786 juu ya barua au mlangoni mahali pa Bismillahi, kwa hesabu ya thamani za herufi za Kiarabu. Namba inalinda jina, na anayejua anajua.

Na daraja hizo zilikuwa na siasa ndani yake. Babeli ilipopanda, Marduk, mungu wake, alihitaji kiti. Katika utenzi wa uumbaji wa Wababeli, *Enuma Elish*, miungu wenzake wanampa majina 50. Hamsini ilikuwa namba ya Enlil, bwana wa zamani wa nchi. Sioni kwamba mshairi aliokota namba hiyo bila kukusudia. Kila karani aliyepita shuleni angeelewa ni kiti cha nani kilichokaliwa.

Hapa ndipo nafika kwenye jambo ninaloliamini zaidi. Husimuliwa kwamba Wasumeri walikuwa na mungu wa kike Inanna, Waakadi walikuwa na Ishtar, kisha watu wakaona wanafanana wakawaunganisha. Huenda mahekaluni ilikuwa hivyo. Ila kalamu haipewi sifa yake. Inanna aliandikwa kwa alama ya tita la matete lililofungwa kichwani kama pete, ile nguzo ya mlangoni inayoonekana imechongwa kwenye chombo maarufu cha Uruk kilichopo makumbusho ya Baghdad. Karani wa Kiakadi alipotaka kuandika Ishtar, mara nyingi aliandika nyota na tita lilelile, akasoma Ishtar. Ni kama tarakimu zetu: mtu wa Lubumbashi akiona 30 anaweza kuisoma kwa Kifaransa, wa Tanga akaisoma kwa Kiswahili, na karatasi haitawapinga wote wawili. Mwanafunzi aliyejifunza tangu utotoni kwamba alama hii ni Inanna na ni Ishtar hakuhitaji kuhubiriwa kwamba hao ni mmoja. Mkono wake ulikwisha kukubali.

Jua linaonyesha hayo vizuri zaidi. Alama ya jua na mchana, ikitanguliwa na nyota, ilikuwa Utu kwa Kisumeri na Shamash kwa Kiakadi, wote wanaume. Maandishi yakasafiri. Yalipofika Hatti, katika Uturuki ya leo, alama hiyohiyo ilimwandika Jua wa mji wa Arinna, naye ni mungu wa kike. Huko Ugarit, pwani ya Syria ya leo, makarani walitengeneza orodha zenye safu za lugha kadhaa, na kwenye mstari wa jua utamkuta Shamash wa Kiakadi, Shimigi wa Wahurri na Shapshu wa Ugarit, naye Shapshu ni mke. Alama haikusema mume wala mke. Malkia Puduhepa wa Hatti, katika karne ya 13 KK, alimwomba Jua wa Arinna akimwambia kwamba katika Hatti unaitwa hivi, bali katika nchi ya mierezi unaitwa Hebat. Sala ile imetoka katika ulimwengu uliozoea kuona jina moja likisomwa kwa midomo mingi.

Upana huo ulikuwa na gharama, na hatuwezi kuificha. Alama ya dhoruba ikiwa na nyota yaweza kuwa Ishkur, Adad, Teshub au Baali, kutegemea aliyeshika kibao. Katika barua za Amarna, vibao vya karne ya 14 KK vilivyopatikana Misri, mtawala wa Byblos, mji wa Lebanoni ya leo, alimwandikia Farao makumi ya barua akiomba msaada, na jina lake mwenyewe linaishia kwa mungu wa dhoruba. Leo utalikuta kwenye vitabu kama Rib-Addi, na kwingine Rib-Hadda. Mtu aliyelia kwa barua nyingi kiasi kile, na bado wataalamu hawaliandiki jina lake kwa namna moja.

Kuna pia uficho wa makusudi. Enlil aliandikwa kwa nyota na alama mbili, *en* na *lil*. Toa nyota, weka mwishoni ile *ki* ya ardhi, na alama hizohizo mbili zinakuwa mji wake, Nippur. Mungu na mji ni maandishi mamoja. Kiainishi ndicho kinachokuambia uko mbele ya nani, au uko wapi. Lakini katika vibao vya Fara na Abu Salabikh, kusini mwa Iraki, karibu mwaka 2600 KK, kuna makarani waliokwenda mbali zaidi. Waliandika alama tatu zinazosomeka *ud*, *gal*, *nun*. Kwa kawaida hizo ni mchana, kubwa, mkuu. Wataalamu walihangaika nazo mpaka wakagundua kwamba katika mtindo ule *ud* husimama mahali pa nyota, *gal* mahali pa *en*, na *nun* mahali pa *lil*. Lilikuwa jina la Enlil lililovishwa nguo nyingine. Hata ile nyota, wanayoitegemea wenye video, iliweza kuondolewa na mungu akabaki mungu.

Makosa yetu sisi wa nyakati hizi nayo yana somo. George Smith, msomaji wa vibao aliyetangaza London mwezi Desemba 1872 kwamba ameikuta habari ya gharika kwenye vibao vya Ninawi, alimwita shujaa wa utenzi wenye habari hiyo Izdubar. Alama alizisoma sawasawa, moja moja, kwa thamani zilizojulikana wakati ule. Hakuwa mzembe hata kidogo. Mpaka mwaka 1890 ndipo Theophilus Pinches alipotambua, kwa msaada wa kibao kilichoeleza matamshi, kwamba jina lile linasomwa Gilgamesh. Kwa miaka mingi pia mungu Ninurta aliandikwa Ninib vitabuni. Kama watu waliokesha na vibao hivyo maisha yao yote walikosea hivyo, anayetazama picha kwa sekunde nne kwenye simu hana haki ya kutuambia nyota ina maana gani.

Neno Anunnaki lenyewe, kwa Kisumeri *a-nun-na*, hufafanuliwa na wataalamu kuwa uzao wa mkuu. Katika maana hiyo hamna nyota, wala kushuka.

Je, nyota iliwahi kuwekwa mbele ya visivyo miungu ya mbinguni? Naam, na hapa mambo yananoga. Naram-Sin, mfalme wa Akadi, karne ya 23 KK, aliandika jina lake bila nyota miaka ya mwanzo. Kisha nchi ikamwasi. Sanamu ya shaba iliyopatikana karibu na kijiji cha Bassetki, kaskazini mwa Iraki, ina maandishi yanayosema alishinda vita tisa katika mwaka mmoja, na kwamba watu wa mji wake wakawaomba Ishtar, Enlil, Dagan, Sin, Shamash na wengine awe mungu wa mji wao, wakamjengea nyumba humo Akadi. Tangu hapo jina lake linatanguliwa na nyota. Sanamu iliyobaki ni nusu ya chini tu, miguu na kitako juu ya duara lenye maandishi, yapata kilo 150. Mwaka 2003 iliibwa kwenye makumbusho ya Baghdad wakati wa vita, na mwaka huohuo ikapatikana imefichwa kwenye shimo la maji machafu. Wafalme wa Ur waliokuja baada yake, kuanzia Shulgi, nao walijiwekea nyota. Hakuna aliyewadhania kuwa wametoka angani. Watu waliwajua mama zao.

Na kuna lile jiwe jeusi la sheria za Hammurabi, mita 2.25, lililochimbwa Susa mwaka 1901 na 1902 na ambalo sasa liko Louvre, Paris. Mtu yeyote anayetaka kuijua nyota na alisome hilo. Mstari wa kwanza una Anum, aliyeandikwa kwa nyota moja tu, bila kiainishi mbele yake. Anafuata Enlil na nyota yake. Halafu Marduk, nyota kisha ndama kisha jua. Babeli imeandikwa lango, nyota, *ra*, na *ki* ya ardhi, na safari hii nyota inasomwa, kwa sababu jina la mji kwa Kiakadi lilikuwa *Bab-ilim*, lango la mungu. Mstari mmoja wa nyota inayosemwa, mstari mwingine wa nyota inayonyamaza, na karani hakumwachia msomaji wake maelezo yoyote.

Teremka hadi sheria ya pili. Mtu akimtuhumu mwenzake uchawi asithibitishe, mtuhumiwa atakwenda Mtoni na kujitosa. Mto ukimshinda, aliyemtuhumu atachukua nyumba yake. Mto ukimtakasa akatoka salama, aliyemtuhumu atauawa. Neno mto hapo, kila linapotajwa, lina nyota mbele yake. Ni mto wenye maji na matope, ule watu walioogea na kunyweshea ng'ombe, ila siku ya kesi hiyo ulikuwa hakimu, na karani aliandika hivyo.

Jina la Hammurabi, kwenye jiwe lilelile, limeandikwa kwa silabi zake tupu, bila nyota.